Likizo ya Sauti ya Marselino

Kiwalani unaweza kukaa mwezi mzima usimwone Marselino, lakini kumsikia utamsikia kabla hujanawa uso. Ndiye aliyekuwa akiuza sumu ya panya. Ndiye aliyekuwa akiuza dagaa, madaftari, sidiria za mtumba, dawa ya kunguni na sahani za kioo ambazo watoto huogopa kuzishika. Na mtu huyo, kwa mikono yake, hajawahi kuuza hata njiti moja ya kiberiti.

Alichouza kilikuwa sauti. Wachuuzi wanaozunguka na baiskeli, mikokoteni na maguta ya magurudumu matatu hawapigi kelele wenyewe siku hizi. Wanafunga spika mbele, na ndani ya spika mna tangazo linalojirudia mpaka betri ichoke au majirani wachoke. Tangazo hilo ni lazima mtu alirekodi. Kwa Kiwalani nzima, na vipande vya Ukonga, mtu huyo alikuwa Marselino, mzaliwa wa Newala, baba wa binti mmoja, Tekla, aliyeolewa Kigamboni, mume wa Rosalia muuza vitumbua.

Studio yake ilikuwa chumba cha uwani chenye magodoro mabovu yaliyopigiliwa ukutani ili kelele zisiingie. Kelele ziliingia. Uwanja wa ndege uko pale pale, na hakuna godoro duniani linalozuia ndege inayotua juu ya bati. Kila ikipita, Marselino alinyamaza, akaisindikiza kwa macho kwenye dari, akaanza upya. Siku moja tangazo la mihogo lilikatwa na ndege nyingi mpaka mwenye mihogo akamwambia, "Mzee, tuache tu, naona inanyauka."

Halafu kulikuwa na imani ya wateja, ambayo ni ngumu kuliko ndege: kwamba sauti isiyopigiwa kelele haiuzi. Ukimtangazia mtu kistaarabu, anakwambia ongeza. Ukiongeza, anakwambia hapo bado, mie nauza sumu, sio uji. Na kwa kuwa bei hupanda leo na kushuka kesho, kila asubuhi walikuwa mlangoni wakitaka tangazo jipya. Marselino akapiga kelele miaka nenda miaka rudi, hadi koo lilipoanza kukwaruza, kisha kukatika katikati ya neno, kisha kuuma hata akimeza mate.

Rosalia ndiye aliyemburuta hospitali. Daktari, binti wa umri wa Tekla wao, alimchungulia kooni kwa kamera nyembamba, akamwambia bila kuzunguka kwamba nyuzi za sauti zimevimba. Anyamaze. Wiki za mwanzo asiseme kabisa, wala asinong'one, maana kunong'ona nako kunazikwangua. Na baada ya hapo asipige kelele tena kama alivyozoea. Akiendelea, sauti itaondoka moja kwa moja.

Marselino aliomba kalamu, akaandika kwenye kiganja: Na kazi?

"Unafanya kazi gani, baba?" aliuliza daktari.

Rosalia alimjibia. "Hiyo hiyo unayomkataza."

Basi hapo ndipo alipokwama. Akiongea, anapoteza sauti. Asipoongea, anapoteza wateja, na wateja wenyewe walikwisha kuanza kuchungulia mlango mwingine: vijana wawili watatu wa Ukonga walikuwa wakizunguka na matangazo yaliyosomwa na simu, akili mnemba, sauti ambayo haiugui wala haisubiri ndege ipite. Marselino aliyasikia akiwa amekaa kibarazani, mdomo umefungwa. Mtu wa miaka hamsini na sita asiyejua kazi nyingine ataanza nini? Aliogopa, na tusimcheke kwa hilo, tutamcheka kwa mengine.

Aliyemtoa kibarazani ni Gladness, mwanamke wa Mbeya mwenye duka la stesheneri ukuta kwa ukuta na studio, anayewachapia watu barua za kuomba kazi.

"Baba Tekla, unawaogopa wale wa nini?" alimwambia. "Hiyo AI yao hata wewe unaweza kuwa nayo. Unaiandikia unachotaka, inatunga tangazo, halafu inalisoma yenyewe. Wewe unakaa tu na koo lako."

Marselino aliandika kwenye karatasi: Inalipwa nini?

"Bando."

Akaiweka kwenye simu yake siku hiyo hiyo. Kazi ya kwanza ilikuwa ya Mudathir, muuza ndoo na mabeseni ya plastiki, mteja wake mwaminifu kuliko wote, ambaye alikuwa na guta jipya na alitaka tangazo la kuendana nalo. Marselino alijifungia studio, akavaa miwani, akaikabili mashine.

Sasa mtu wa rika la Marselino alifundishwa na walimu wenye fimbo kwamba ukiongea ongea utakavyo, lakini ukiandika, unaandika rasmi. Hajawahi kumwandikia mtu yeyote asiyekuwa mkubwa: mwajiri, mwenyekiti wa mtaa, paroko. Na huyu mgeni ndani ya simu, anayejua kila kitu na kujibu kabla hujafunga mdomo, bila shaka alikuwa mkubwa. Akamwandikia hivi: "YAH: OMBI LA TANGAZO. Kwa heshima na taadhima, husika na kichwa cha habari hapo juu. Naomba uwatangazie wananchi wa Kiwalani kuhusu vyombo vya plastiki, na kwamba mhusika atapita nyumba kwa nyumba." Akamalizia na "Wako mtiifu", akaweka jina lake lote mpaka la babu.

Ukimwamkia mtu kiofisi, atakuitikia kiofisi. Mashine iliitikia kwa furaha kubwa, ikatunga, ikasoma kwa sauti ya mwanamume safi, aliyetulia, asiyejua kwikwi wala vumbi. Marselino alisikiliza mara mbili na kukiri moyoni kwamba maisha yake yote hajawahi kusema kitu kizuri namna ile. Mudathir alisikiliza mara moja.

"Mzee, hii ni ya kimataifa," alisema, akafunga spika, akaondoka zake anapiga mluzi.

Hapa inabidi mtu wa nje aelezwe jambo. Kiwalani, spika ikipiga kelele, ikikwaruza na kumtania mama wa mtu, hiyo ni biashara. Spika ikiongea Kiswahili fasaha, polepole, na neno "tafadhali" ndani yake, hiyo ni serikali. Watu huacha wanachofanya wakatega sikio: huenda ni chanjo ya watoto, huenda ni wanaouza barabarani wanatakiwa kupisha. Na kila mtu alikuwa anakumbuka mwaka ule ilipopigwa marufuku mifuko ya plastiki, jinsi watu walivyoamka na mfuko wa nyanya mkononi wakaona wamebeba kesi.

Asubuhi ile, kwenye mitaa yenye watu hao, lilipita guta likisema:

"Ndugu wakazi wa Kiwalani. Tunapenda kuwataarifu kuwa, kuanzia leo, suala la vyombo vya plastiki katika mtaa wenu limepatiwa ufumbuzi. Mhudumu wetu anapita nyumba kwa nyumba. Tafadhali jitokezeni mapema na mpeni ushirikiano. Asanteni kwa uelewa wenu."

Vichwa vilichungulia madirishani. Kisha Hamisa, jirani wa Rosalia, mwanamke anayependa kuwa wa kwanza hata kwenye foleni ya sindano, alitoka na mabeseni yake yote, moja bado lina povu.

"Mie mapema," alisema, akayatupia kwenye guta. "Ile ya mifuko ilinitoa jasho. Hii hainikuti na kitu ndani."

Mudathir alidhani mama anataka kubadilishana la zamani kwa jipya. Kabla hajauliza, wa pili alifika na ndoo mbili, wa tatu na kopo la kuogea, wa nne na jaba la maji ambalo lilimshinda akaomba asaidiwe. Mzee mmoja alimshika Mudathir mkono kwa nguvu, akampongeza kwa kupata kazi serikalini, akamwomba amkumbuke na mwanawe. Na spika nayo haikunyamaza, inashukuru watu kwa uelewa wao kila baada ya dakika.

Marselino alikuwa amesimama mlangoni mwa studio akingoja kuona matunda ya kazi yake. Aliona foleni, akafurahi. Alipoangalia vizuri akaona foleni inakwenda na ndoo badala ya kurudi nazo. Akakimbia, akaingia katikati ya watu, na akakumbuka kwamba haruhusiwi kusema. Akabaki na mikono. Alipunga, akatikisa kichwa, akaonyesha guta, akaonyesha mabeseni, akafanya mikono kama mtu anayefuta ubao.

"Mnaona? Hata Baba Tekla anasema toeni zote, msibakize," Hamisa aliwatangazia wa nyuma.

Na hapo, kwenye foleni, na ndoo yake ya bluu mkononi, alisimama Rosalia. Unga wa vitumbua ulikuwa umemiminwa kwenye sufuria haraka haraka na nusu yake iko kwenye khanga. Mke aliyeishi naye miaka thelathini alikuwa ametolewa mbio na tangazo la mume wake mwenyewe. Marselino alimtazama, akaona macho yake yana hofu ya kweli, maana ndoo ile ndiyo ofisi yake. Kujizuia kukamshinda.

"Jamani ni biashara!" alipayuka. "Ni ndoo za Mudathir! Anauza! Anauza!"

Ilitoka kama bawaba ya lango bovu, lakini ilikuwa yake, na mtaa mzima uliitambua. Watu waligeuka, wakatazamana, wakatazama mabeseni kwenye guta. Aliyeanza kucheka ni Rosalia. Alicheka mpaka akakalia ndoo, na Hamisa akasonya, akaanza kupekua lundo kutafuta beseni lake lenye povu. Iliwachukua muda kugawana, kwa sababu watu walikuwa wakitambua ndoo za wenzao zilizo nzima kuliko zao.

Koo lilimlipiza kisasi. Yale maneno machache yalimrudisha nyuma, na kwa siku zilizofuata hata kukohoa kulimtoa machozi. Alikaa kwenye kigoda jikoni, ameinamisha kichwa, Rosalia akimkorogea maji ya vuguvugu na chumvi ya kusukutua. Akaandika kwenye karatasi kwamba mambo yamekwisha, aende Kigamboni akamsaidie mkwewe kufuga kuku. Kuku hawahitaji kutangaziwa.

Rosalia alisoma, akaitumia karatasi kuwashia mkaa.

"Nikwambie kitu, Baba Tekla, na leo huwezi kunikatiza. Unafikiri mie nalilia hizo spika? Miaka yote hii mtaa unakula sauti yako nzima nzima, jioni unaniletea mie ukoko. Nakuuliza umeshindaje, unaguna. Nakuuliza ule nini, unanyoosha kidole. Sijui hata hadithi moja ya kwenu, na nimekuzalia. Kama ipo mashine ya kupiga kelele badala yako, iache ipige. Ila ujifunze kuongea nayo kama mtu, sio kama unaomba kazi bandarini."

Mwanamume huwa anajua siku aliyopigwa pahala pake. Marselino alisukutua, akatema, akaenda kumgongea Gladness.

Gladness aliusoma mkasa kwenye karatasi, akacheka kwanza kama kila mtu, kisha akamwambia kitu ambacho hakukijua: mashine inaweza kujifunza sauti ya mtu. Huhitaji kusema neno. Unailisha rekodi zako za zamani. Na rekodi Marselino alikuwa nazo za kujaza gunia. Wakaanza na zile za kabla koo halijaanza kukwaruza, wakachagua zisizokuwa na ndege, ambazo hazikuwa nyingi, na baada ya chakula cha mchana simu ikasema kwa sauti ya Marselino, "Karibuni wateja."

Wakamwita Rosalia aje kupima. Alifumba macho, akasikiliza hadi mwisho.

"Ni wewe," alisema. "Lakini ni wewe siku ile unajibu maswali ya padri kabla ya ndoa."

Ilikuwa kweli. Sauti ilikuwa yake, maneno yalikuwa bado ya ofisini. Marselino akaiandikia mashine, safari hii bila Yah wala taadhima, kwamba iongee kimtaani. Mashine ikamjibu kwamba hilo ni wazo zuri sana, na Marselino, ambaye wateja wake hawajawahi kumsifu kwa lolote, aliwaonyesha wote wawili jibu hilo kabla ya kusikiliza. Kisha ikacheza: "Oyaa wana Kiwalani, ndoo zimetua, mabeseni ni moto wa kuotea mbali, mwanangu njoo uchukue chuma!"

"Ukipita na hiyo," Rosalia alisema, "mie narudi kwetu Masasi."

Ndivyo walivyoshinda siku kadhaa, watu wazima watatu wakibishana na simu. Mashine ilikuwa na haraka na haichoki kurudia, hilo Marselino alilipenda; ungeiambia mara kumi na tano na bado inaona wazo lako ni zuri sana. Lakini ilikuwa haijui nani atasikiliza. Akajifunza kuiambia. Aliiandikia kwamba msikilizaji ni mama mwenye watoto, ana mikono yenye sabuni, hataki kusalimiwa salamu ndefu, na ndoo yake inavuja lakini anaona haya kuitupa. Akaiambia asitukanwe, atekenywe. Mashine ikaleta mistari mingi. Mingi akaifuta, mmoja ukamchekesha, akaunyofoa kidogo hapa na pale. Gladness akabonyeza.

"Mama, hiyo ndoo unaiziba na sabuni mpaka lini? Mwenzio kashachoka, muache apumzike. Mudathir huyo kafika. Toka uone kwanza, kununua tutazungumza."

Rosalia aliinuka, akaenda kuikagua ndoo yake ya bluu, akarudi.

"Inavuja kweli," alisema.

Mudathir alikuwa na woga wa kupita tena mtaa ule, na ana haki. Alipita akiwa tayari kukanyaga pedeli kwa nguvu. Lakini sauti ilipotoka, kubwa, ya Marselino wa zamani kabla koo halijaanza kumchezea, milango ilifunguka. Hamisa alitoka mikono mitupu, akauliza kwa sauti kama leo wananunua au wananyang'anywa, watu wakacheka, na akiwa anacheka akanunua beseni. Alinunua pana, la rangi ya waridi.

Sitawadanganya kwamba wateja wote walirudi. Wa Ukonga wanajitengenezea wenyewe mpaka leo, na mmoja anauza samaki kwa sauti ya kike iliyosomea, watu wananunua tu. Marselino akimsikia anasonya. Lakini wengine walianza kumletea matangazo yaliyotengenezwa na simu zao, wakimwambia, "Mzee, hii ina shida gani? Watu wananikimbia." Anavaa miwani, anasikiliza, anauliza unamuuzia nani, anaieleza mashine huyo mtu ni nani. Siku hizi hiyo ndiyo kazi. Alipewa ruhusa ya kuongea taratibu, na jambo moja tu hakuliachia simu: misiba. Jirani akifiwa, Marselino huenda mwenyewe, akasimama mlango kwa mlango, akasema kwa sauti ya chini jina la marehemu na saa ya kuzika. Mtu alipomuuliza kwa nini asirahisishe, alimjibu kwamba mashine haijawahi kula ubwabwa wa marehemu.

Alasiri moja walikuwa wamekaa chumbani, Rosalia amemaliza vitumbua vyake, miguu juu ya kigoda. Marselino alikuwa anasimulia. Alikuwa amefika mahali ambapo mjomba wake wa Newala anakwenda kuposa na kumkuta mchumba ndiye yule ambaye yeye mjomba alimuuzia korosho mbovu msimu uliopita, na alikuwa anaiga sauti ya kila mtu, ya mjomba, ya wazee, ya binti aliyekasirika, taratibu, kwa sauti yote ambayo siku nzima hakuitumia. Rosalia alikuwa amejifuta machozi ya kucheka mara mbili. Hakuna hata kipande cha hadithi hiyo alichowahi kukisikia.

Nje likapita guta. "Mama, hiyo ndoo unaiziba na sabuni mpaka lini?" Sauti ikajaa chumbani, ikaimeza ile ya mjomba. Marselino akanyamaza kungoja ipite, kama alivyokuwa akizingojea ndege.

Rosalia aliinuka, akafunga dirisha, akashusha na pazia.

"Huyo wa nje ana wateja wake," alisema, akarudi kukaa karibu naye. "Haya. Binti akasemaje?"